Kosa la Binti Yangu Kukataa Templeti

Zadock Obuya,
Obuya Mabango na Maandishi,
Uthiru.

14 Oktoba 2024

Kwa Bi. Jacklyne Ndunge,
Mkuu wa Idara ya Kompyuta,
Chuo cha Upeo wa Teknolojia,
Ghorofa ya Nne, Katikati ya Jiji,
Nairobi.

Mpendwa Bi. Ndunge,

MINTARAFU: BINTI YANGU LORNAH NAMALWA NA KOSA LAKE LA KUFIKIRI

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya njema na lifti yenu ikiwa imepona. Siku ya maonyesho ya miradi nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikafika nikihitaji kiti kabla ya kuweza kumsalimu mtu. Ndiyo sababu safari hii nimeona niandike.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Ukipita huku kwetu ukaona neno KINYOZI limeandikwa ukutani kwa mkono, herufi zimesimama vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wangu. Mimi pia ni baba yake Lornah Namalwa, mwanafunzi wako wa diploma ya kuunda tovuti, yule ambaye mradi wake wa mwisho ulipewa alama thelathini na nane kwa mia. Ya kupita ni arobaini. Sababu iliandikwa na Mwalimu Norman kwa kalamu nyekundu, maneno mawili tu: "Hakuna templeti."

Sikujua templeti ni nini hadi mwezi uliopita. Nimeelezwa kwamba ni tovuti iliyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine, huko mbali, akaiacha na pengo la kuweka jina. Mwanafunzi anajaza pengo, anaenda kunywa chai. Binti yangu hakunywa chai.

Tafadhali usinielewe vibaya. Siandiki kumtetea. Naandika kuomba radhi kwa niaba ya familia, na kulalamika kwamba chuo chenu kimekuwa na huruma kupita kiasi kwa kumpa hizo thelathini na nane. Naomba pia unisamehe nikienda haraka, maana orodha ya watakaohitimu inafungwa Ijumaa hii, na kuna ofisi moja ya Hurlingham iliyomwahidi Lornah kazi mradi tu jina lake lionekane kwenye orodha hiyo. Lisipoonekana, nafasi anapewa mwingine. Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba alienda kumwona mteja.

Mradi ulisema kila mwanafunzi achague biashara moja na kuitengenezea tovuti. Wenzake ishirini na watano walifanya kama watu waliolelewa vizuri: flashi moja ilizunguka darasani, kila mmoja akanakili templeti ileile, akabadilisha jina, kazi ikaisha. Lornah akachagua buchari ya Ephantus Njuguna hapa Uthiru, halafu, nashindwa hata kuliandika, akaenda buchari. Aliketi pale kwenye benchi siku sita na daftari lake, akisikiliza watu wanauliza nini. Mimi nilidhani amepata mchumba.

Siku ya kwanza Njuguna alimwambia, "Msichana, mimi shida yangu ni hii simu. Nikishika kisu inalia. Nikiweka kisu, ni mtu anauliza matumbo iko. Nikisema iko, anasema basi ananipigia kesho." Lornah akaandika. Katika siku hizo sita hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza buchari ilianzishwa mwaka gani, wala aliyetaka kujua dira yake. Waliuliza nini kimebaki. Basi akamchora ng'ombe kwenye ukurasa, ng'ombe mzima, amejaa kioo cha simu. Ukigusa paja, unaambiwa lipo au limeisha. Ukigusa mbavu, hivyohivyo. Njuguna naye akiuza kipande cha mwisho anagusa kwa kidole gumba kwenye simu yake, na mtu aliyeko Kangemi anajua asijisumbue. Ni hayo tu. Nimekuwa kwenye kazi ya kuchora miaka mingi na sijawahi kumwona ng'ombe kama yule, anakutazama kama anayetaka kukuambia jambo, na kweli anakuambia.

Siku hizi Njuguna anakata nyama kwa mikono miwili. Simu haimsumbui. Unaona mwenyewe uharibifu uliofanyika.

2. Kwamba aliweka kitu kinachofanya kazi mahali pa slaida.

Siku ya maonyesho nilikuwa nimesimama nyuma ya Lornah, nimevaa koti langu la harusi za watu. Mwalimu Norman alifika na karatasi yake ya kusahihisha. Akamtazama ng'ombe. Akagusa ulimi, akaambiwa umeisha. Akagusa mbavu, akaambiwa zipo. Nilimwona akitabasamu, Bi. Ndunge, na nataka hilo liandikwe mahali, kwa sababu kijana yule si mtu mbaya. Halafu akaitazama karatasi na tabasamu likaisha kama ulimi.

"Hii iko poa," akasema, "lakini haikai kama website. Slaida iko wapi?"

Niliuliza slaida ni nini. Nikaelezwa ni picha tatu kubwa zinazokuja na kuondoka zenyewe bila kuitwa na mtu. Lornah akamjibu kwa adabu kwamba picha kubwa zinakula bando, na wateja wa Njuguna wananunua bando za intaneti za shilingi ishirini. Picha ya tatu ikifika, bando imekufa na mtu hajajua kama kuna nyama. Mwalimu Norman akasema, "Madam, mimi nakuelewa, lakini hii marking scheme haijui mambo ya bundles."

Nami niliomba kuiona hiyo karatasi, akanionyesha. Slaida, alama kumi. Timu Yetu, alama kumi. Dira na Dhamira, alama kumi. Wateja Wetu Wanasema, alama kumi. Nikaisoma mbele, nikaigeuza nyuma. Mstari wa "inamsaidia mtu" haukuwepo. Sasa mwalimu angeweka alama wapi? Angeandika mkononi mwake? Ninamwelewa kabisa, na ninashangaa tu alizitoa wapi hizo thelathini na nane.

3. Kwamba hakuweka Timu Yetu.

Templeti inataka nyuso nne zenye meno. Buchari ya Njuguna ina Njuguna, na ina mtu mmoja wa kukata mifupa ambaye alikataa kabisa kupigwa picha kwa sababu mama mkwe wake anajua ni karani wa benki. Lornah akaheshimu ndoa ya watu, akaacha.

Wenzake hawakupata taabu hiyo. Templeti yao ilikuja na timu yake tayari, Wazungu wanne wamekunja mikono, na mbele yao dada mmoja anayeitwa Jessica mwenye kipaza sauti mdomoni. Hivyo ndivyo nilivyogundua, nikitembea kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwamba Jessica ni meneja wa duka la mbegu, mkuu wa shule ya udereva, katibu wa kanisa, fundi wa magodoro na mwenyekiti wa chama cha akina mama. Nilipofika kompyuta ya kumi na mbili nilikuwa nimeanza kumwonea huruma. Huyo mama analala saa ngapi?

Nampendekezea Njuguna aajiri Wazungu wanne. Nafasi haipo, lakini wanaweza kusimama nje wakikunja mikono.

4. Kwamba binti yangu hakujifunza kutoka kwa Lenox.

Lenox ndiye aliyeongoza darasa kwa alama themanini na moja. Mradi wake ni tovuti ya mochari, pale wanapohifadhi maiti. Sasa ile templeti ya kwenye flashi, inaonekana, mwanzoni ilikuwa ya hoteli ya ufukweni katika nchi sijui gani. Lenox alibadilisha jina la juu, akaweka la mochari, na kwa unyenyekevu mkubwa akaacha mengine yote kama alivyoyakuta.

Nilivua kofia nikasoma. Vyumba vyetu vina hewa baridi mchana na usiku. Kwa hilo sikuwa na neno. Njoo na familia nzima, watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Wageni wetu wanasema: "Tulikuja kwa siku mbili, tukaamua kutoondoka!" Muda wa kuondoka ni kabla ya saa nne asubuhi. Chini kabisa palikuwa na kitufe cha kijani cha kuweka nafasi mapema ili upate punguzo.

Nilimwuliza Lenox taratibu kama amewahi kuyasoma. Akanijibu bila ubishi, kijana mpole, hata kiti chake alinipa. "Mzee, hizo vitu hakuna mtu husoma. Bora slaida inasonga." Na alisema kweli, kwa sababu themanini na moja si alama ya mtu aliyesomwa.

Lakini mimi nimewahi kuitafuta mochari, Bi. Ndunge. Mama mkwe wangu alipofariki tulikuwa huku Uthiru na watu wa nyumbani wanapiga simu wakiuliza mwili utatoka saa ngapi, na gari linaingilia geti lipi, na ni karatasi gani zinatakiwa. Tulihangaika siku nzima kwa maswali matatu. Kama siku ile ningefungua simu nikaambiwa nije na familia nzima, sijui ningeitupa wapi.

Naomba radhi, hapo nimetoka kwenye mstari. Nilikuwa nampongeza Lenox.

5. Kwamba chuo hakijafika mwisho wa njia kiliyoianza.

Hapa sasa nawalaumu ninyi. Kama tovuti ishirini na tano ni moja, kwa nini Mwalimu Norman alichoka kusahihisha ishirini na tano? Angesahihisha moja, wote wakapewa alama hiyo, akaenda nyumbani kupumzika. Na kama alama ni moja, kuna haja gani ya watu ishirini na watano kupanda hizo ngazi miaka miwili? Apande mmoja, mwenye magoti mazuri. Wengine wakae nyumbani wakijua wamewakilishwa.

Siku ya kuhitimu lije joho moja. Livaliwe kwa zamu, au avae Jessica. Mzazi mmoja apige vigelegele kwa niaba ya wazazi wote, na nashauri awe anatoka upande wetu wa magharibi, kwa maana kazi hiyo tunaiweza. Hotuba ya mgeni wa heshima haihitaji mabadiliko. Nimehudhuria mahafali manne ya watoto wa ndugu zangu na tayari ni ileile. Vyeti navyo vichapishwe mara moja tu, na pale kwenye jina pasijazwe. Paachwe vilevile palivyo kwenye templeti: WEKA JINA HAPA. Mwajiri akiuliza huyu ni nani, kijana amjibu kwa fahari kwamba pengo ni lake.

Halafu tuwatazame walimu. Mwalimu wa templeti hachoki, haumwi, haulizi mshahara umechelewa kwa nini. Bi. Ndunge, hata idara inahitaji mkuu kweli? Nauliza tu.

6. Kwamba ubaya huu ameurithi kwangu.

Nimetafuta chanzo cha tabia ya Lornah na nimelazimika kukiri kwamba ni mimi. Nimefanya kazi ya mabango tangu mwaka wa elfu mbili na moja, na natamka haya nikiwa na akili timamu: sijawahi kumuuzia mteja kazi niliyokwisha kumuuzia mwingine. Kila ukuta nimeutazama upya. Mama wa mboga nilimwandikia herufi za mviringo kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtu wa kucheka. Fundi wa saa nilimpa herufi nyembamba. Mtoto alikua akishika ndoo ya rangi chini ya ngazi, akayaona hayo yote, na matokeo yake ndiyo haya, thelathini na nane.

Nimeamua kubadilika. Juma lililopita nilienda kwa mwenye duka la dawa hapa kwetu, ambaye alitaka bango jipya, nikamwambia kwamba nina bango tayari zuri sana, limefaulu kwingine: HOTELI, CHAPATI, MAHARAGWE, CHAI. Abadilishe jina tu. Daktari wa meno nikampa KINYOZI, NDEVU NA NYWELE. Akaniuliza kama nyumbani kuko salama. Nikamwambia nyumbani kuko salama, ila nimesomeshwa na chuo cha binti yangu.

Nikipata baraka zenu, nitaanza na jengo lenu. Nina maneno yaliyobaki kutoka kwa fundi wa viatu.

7. Hili silo la mzaha, nami naliandika kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimekudanganya.

Siku alama zilipotoka, Lornah alirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni. Mama yake alikuwa ameshika mwiko, mimi nilikuwa naosha brashi kwa mafuta ya taa nje ya mlango. Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa kwenye ngazi yangu ya kazi, ile ya mbao, akanitazama ninavyoosha, akasema, "Baba, nifunze kupaka rangi. Hii maneno ya kompyuta naona haikuwa yangu."

Nilikasirika. Nasema waziwazi kwamba nilikasirika, na bado nimekasirika, na ukiona herufi za barua hii zimesimama wima ujue ni hasira imezishikilia. Kazi yangu inakufa, Bi. Ndunge. Huko mjini kuna mashine zinazochapisha bango kubwa la plastiki kabla mimi sijafungua mkebe wa rangi. Nimeanguka kutoka kwenye ngazi mara mbili, na bega hili la kulia linanitabiria mvua. Nilimpeleka huyu msichana kwenu ili apande kwenye kazi inayoishi nikiwa mimi nateremka kwenye inayokufa. Sasa ninyi mmemwambia kwamba ile inayoishi si yake. Mmemwambia kwa kalamu nyekundu, kwa maneno mawili, na yeye amewaamini kwa sababu tulimfundisha kuwaamini walimu.

Tangu siku hiyo hajafungua kompyuta. Njuguna amekuja mara mbili kumwomba aweke na mbuzi. Lornah amemwambia atamtafutia mtu.

Kwa hiyo ombi langu ni moja kati ya mawili.

La kwanza, kwamba kabla ya Ijumaa mradi wa Lornah usahihishwe upya, na atakayesahihisha afanye jambo moja tu: amguse ng'ombe. Asiulize slaida. Aguse paja, aguse mbavu, na kama ana njaa apige hatua hadi Uthiru akathibitishe kwa Njuguna kwamba kilichosemwa kipo, kipo.

La pili, kama la kwanza haliwezekani, basi mseme ukweli wenu hadharani. Andikeni mlangoni, juu ya ngazi, kwamba kufikiri hakuruhusiwi ndani ya jengo hili, ili mzazi asome kabla ya kuleta mtoto. Bango hilo nitawachorea bure. Nitaleta rangi yangu mwenyewe na litasomeka mpaka ng'ambo ya barabara.

Nisalimie Mwalimu Norman, na umwambie sina kinyongo naye. Tabasamu lake nililiona. Msalimie Lenox, na Mungu azidi kuwaweka mbali na mochari yake wote mnaompenda. Wasalimie walimu wengine wa idara, wanafunzi wote ishirini na watano kwa salamu moja, mlinzi wa chini aliyenibebea mfuko hadi ghorofa ya pili, na fundi wa lifti popote alipo. Zaidi ya wote nisalimie Jessica, apate hata siku moja ya kupumzika. Mama Lornah naye anakusalimu, ingawa alichosema hasa sikukiandika.

Ni mimi mzazi wenu ninayengoja Ijumaa,

Zadock Obuya

Nyongeza:

Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Lornah barua aisome, nipate kujua kama nimepatia jina la idara. Alicheka tangu la kwanza, na nilifurahi, maana sikuwa nimemsikia akicheka wiki mbili. Alipofika la sita akaacha kucheka. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Baba," akasema, "kwani hujamjua? Huyu ng'ombe si ni yako?"

Akaenda chumbani, akainama chini ya kitanda, akarudi na kipande cha katoni. Naomba nikueleze, Bi. Ndunge, maana nimekula kiapo hapo juu na sasa nimekwama nacho. Mwaka ule nilipoanza kazi sikuweza kuchora miguu ya ng'ombe. Kila niliyemchora alitoka mbwa. Basi nikachukua gunia la chakula cha mifugo lililokuwa na picha ya ng'ombe, nikamfuatisha juu ya katoni, nikamkata kwa wembe. Tangu hapo kazi yangu ni kuweka katoni ukutani na kupaka rangi ndani yake. Lornah amenihesabia: buchari kumi na saba, kuanzia hapa kwetu hadi Kangemi, zote ng'ombe huyohuyo mmoja, mguu wa nyuma umekuwa mfupi kidogo kwa sababu wembe uliteleza. Yuko hata kwa Njuguna, juu ya mlango. Ng'ombe huyo ndiye aliyelipa karo yote mliyoipokea hapo chuoni.

Ndiye aliyeko kwenye tovuti. Msichana aliweka katoni juu ya karatasi, akafuatisha kwa penseli, akapiga picha. Mimi nilimtazama siku ya maonyesho mbele za watu, nikamsifu, nikakuandikia kwamba sijawahi kumwona ng'ombe kama yule. Kwa hiyo la sita ni uongo, naomba ulifute. La kwanza nusu yake ni uongo. La tano sijui nilifanyeje, kwa kuwa mwenye ng'ombe kumi na saba wa aina moja sasa ni mimi, na kumbe hata hao niliwatoa kwenye gunia la mtu.

Ila nikueleze hili pia. Ile mistari ya kugawa paja na mbavu na kidari haikuwa kwenye katoni. Ng'ombe wangu amesimama juu ya milango ya watu miaka ishirini na mitatu na hajawahi kumwambia mtu hata mara moja kama kuna nyama.

Nilimwuliza Lornah kwa nini hakumwambia Mwalimu Norman, pale pale, kwamba ndani ya kazi yake kuna templeti. Si ndiyo iliyokuwa inatafutwa? Aliishika ile katoni kwa ncha ili isipasuke.

"Sikuona kama ni templeti," akasema. "Niliona ni wewe."

Basi, Bi. Ndunge, templeti ilikuwepo. Naomba hizo alama mbili.